Didot na Bodoni: kwa nini herufi za kifahari hupendeza kwenye bango na kupotea kwenye kadi

Tazama jina la jarida la Vogue juu ya jalada lake. Mguu wa kushoto wa V ni mnene na mweusi. Wa kulia ni uzi. O imenona ubavuni, kisha imekonda juu na chini hadi inakaribia kukatika. Vile visigino vidogo vya kwenye ncha za herufi, ambavyo wachapaji huviita serifu, ni vistari vilivyonyooka, vyembamba, visivyo na mkunjo wowote. Herufi za namna hiyo zimekaa juu ya jalada hilo tangu miaka ya 1950. Leo mtu akiziona kwenye chupa ya manukato, kibao cha saluni au kadi ya harusi, anajua kabla hajasoma neno kwamba bei si ya kawaida.

Mwandiko huo una majina mawili makubwa, Didot na Bodoni, na ukoo mzima wa fonti zilizozaliwa baadaye. Ni mwandiko wa kuonyesha: kazi yake ni vichwa vya habari, mabango na majina, aya si mahali pake. Wasanifu wengi wanalijua hilo kwa maneno. Asiyejua sababu yake, hata hivyo, hurudi kulekule. Anaupenda mwandiko ukiwa mkubwa kwenye kompyuta, anauweka kwenye mstari wa ukumbi na saa kwa pointi tisa (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), na kadi zinaporudi maneno yamekatikakatika lawama anabebeshwa mchapaji.

Tuanze na unene. Sehemu nene na nyembamba za herufi za Kilatini hazikuwekwa kwa mapambo, zilitokana na kalamu. Kalamu bapa ikishikwa kwa mshazari, kila inapogeuka upana wa wino hubadilika wenyewe. Anayeijua khati ya Kiarabu, au aliyewahi kuona tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu huko pwani kwa kalamu ya mwanzi, ameuona mwendo huo. Claude Garamond, aliyechonga herufi mjini Paris katika karne ya 16, aliufuata. Tofauti ya unene katika herufi zake ipo, lakini ni ya kiasi, na sehemu nene ya O imeinama upande kwa sababu kalamu nayo ilikuwa imeinama.

Ipo kalamu ya pili, yenye ncha kali iliyopasuliwa katikati. Hiyo hubadilisha unene kwa kukandamizwa. Ukishuka ukaikandamiza, ncha inatanuka na mstari unanenepa. Ukipanda ukaiachia, unabaki uzi. Mholanzi Gerrit Noordzij, mwalimu wa sanaa ya herufi huko The Hague, alijenga nadharia nzima juu ya kalamu hizi mbili, na mimi sijaona njia fupi zaidi ya kuieleza Didot: huu ni mwandiko wa kukandamiza. Ndiyo maana unene wake umesimama wima kabisa, na kila kilicho mlalo ni chembamba.

Wachora nakshi wa mabamba ya shaba walikuwa wakichora herufi kama hizo kwenye ramani na vitabu vya kufundishia hati zamani kabla ya Didot. Chuma chenye ncha kali juu ya shaba hukuruhusu mstari mwembamba ambao herufi ya risasi, inayopigwa na mtambo mara elfu na zaidi, haikuweza kuuhimili. Kwa hiyo hamu ilikuwepo, njia haikuwepo.

Hamu hiyo ilionekana wazi mwaka 1692, mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipoagiza mwandiko mpya kwa ajili ya kiwanda chake cha uchapaji. Kamati ya wasomi ikakaa, ikachora kila herufi juu ya miraba 2,304, kwa rula na bikari, kana kwamba A ni swali la hesabu. Mchongaji, Philippe Grandjean, alikuwa na busara ya kutoifuata miraba hiyo kwa utumwa. Herufi zake zilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1702, na ndani yake tayari kuna dalili zote: unene uliosimama, serifu zilizonyooka, tofauti iliyokuzwa.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa mtu asiyetarajiwa. John Baskerville wa Birmingham alikuwa mwalimu wa hati aliyetajirika kwa biashara ya vyombo vya kupakwa vanishi. Alipoingia kwenye uchapaji hakuanza na herufi peke yake, alianza na kila kilichozizunguka. Alitengeneza wino mweusi zaidi. Kwa kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil yaliyotoka 1757, sehemu ya kurasa zilichapwa kwenye karatasi laini ya aina mpya kutoka kwa James Whatman, isiyo na ile mistari ya waya iliyokuwa kwenye karatasi za kawaida. Kisha kurasa zilizochapwa alizibana kati ya mabamba ya shaba yaliyopashwa moto, ziwe nyororo na za kung'aa. Juu ya karatasi ya namna hiyo mstari mwembamba unaweza kuishi.

Wenzake hawakufurahi. Walidai herufi zake zitawapofusha wasomaji kwa wembamba. Benjamin Franklin, ambaye mwenyewe alikuwa mchapaji, alimwandikia Baskerville mwaka 1760 akimsimulia mzaha aliomfanyia mlalamikaji mmoja: alichukua karatasi ya sampuli za herufi za William Caslon, ambazo kila Mwingereza alizisoma kila siku bila taabu, akachana jina, akampa bwana yule akimwambia ni za Baskerville. Bwana akazikagua, akaanza kuonyesha kasoro moja baada ya nyingine zinazomuumiza macho. Kisa kinachekesha, ila tusikitumie kupita kiasi. Kilichomuumbua bwana yule ni chuki yake kwa Baskerville, lakini suala la wembamba lenyewe lilikuwa la kweli na lilikuwa njiani kuja.

Lilikuja Paris, kwa akina Didot. Baba, François-Ambroise, ndiye aliyeufunga ukubwa wa herufi kwenye inchi ya kifalme ya Ufaransa, pointi 72 kwa inchi moja, utaratibu ambao Ulaya bara iliutumia kwa vizazi. Mtoto wake Firmin, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alichonga karibu 1784 herufi za kwanza tunazoweza kuziita Didot bila kusita: unene wima, mistari milalo ya uzi, serifu bapa zilizokaa pembe mraba bila kiungo chochote cha kuzishikilia. Kaka yake Pierre alizichapisha katika matoleo ya kifahari ya Virgil, Horace na Racine, akiwa amepewa nafasi ya karakana ndani ya Louvre. Franklin naye alikuwa Ufaransa miaka hiyo, akampeleka mjukuu wake kwa François-Ambroise akajifunze kuchonga herufi.

Huko Parma, Italia, Giambattista Bodoni alikuwa akisimamia kiwanda cha uchapaji cha mtawala wa mji tangu 1768. Alianza kwa kunakili wengine, kisha akasogea hatua kwa hatua hadi akafika mahali pamoja na Firmin. Hawalingani sawasawa. Didot ni baridi zaidi, imenyooka kama imepimwa. Bodoni ina unene mwingi zaidi na hapa na pale serifu zake zina mkunjo kidogo sana unaompa mtu hisia ya mkono. Ukilazimishwa kuchagua moja kwa jina la duka, Bodoni inavumilia zaidi.

Bodoni alifariki 1813. Mjane wake, Margherita Dall'Aglio, ndiye aliyekamilisha na kutoa mwaka 1818 majuzuu mawili ya sampuli za kazi yake yote. Ndani yake kuna alfabeti za Kilatini zaidi ya mia moja. Msomaji wa leo atauliza: mtu mmoja anahitaji alfabeti mia moja zinazofanana za nini?

Jibu la swali hilo ndilo kiini cha jambo zima. Wakati huo hakukuwa na kitu kinachoitwa fonti moja inayokuzwa na kupunguzwa. Kila ukubwa ulichongwa upya kwa mkono kwenye ncha ya chuma cha pua, ukapigwa kwenye shaba kuwa kalibu, ndipo risasi ikamiminwa. Na mchongaji alipochonga ukubwa mdogo hakunakili ule mkubwa. Alinenepesha nyuzi, akapanua herufi kidogo, akainua kimo cha herufi ndogo, akaacha nafasi zaidi kati yao. Alipochonga kubwa alifanya kinyume: akazikondesha nyuzi mpaka anapothubutu, akazisogeza herufi karibukaribu. Kwa hiyo "Bodoni" halikuwa umbo moja. Lilikuwa jina la umbo linalobadilika kadiri linavyokua, na Bodoni alilifuatilia badiliko hilo kwa hatua ndogondogo kuliko mtu mwingine yeyote.

Tupige hesabu ndogo. Tuseme katika fonti ya kuonyesha mstari mwembamba ni sehemu moja ya mia ya ukubwa wa herufi. Kwa pointi 72 mstari huo una pointi 0.72, yaani robo ya milimita. Unaonekana, unachapika, unapendeza. Fonti hiyohiyo ikishushwa hadi pointi 10, mstari unakuwa pointi 0.1, au milimita 0.035. Printa ya leza ya nukta 600 kwa inchi huweka nukta za milimita 0.042. Umeiagiza printa ichore kitu kilicho chembamba kuliko nukta yake moja. Ama itaunenepesha mstari ovyo, ama itauruka. Kwenye simu mambo hayana nafuu kubwa: maandishi ya pikseli 16 kwenye skrini yenye msongamano mara tatu huupa uzi huo chini ya nusu ya pikseli halisi, na skrini haina nusu ya pikseli, kwa hiyo hukupa kijivu. Vishina, yaani mistari minene ya wima, vinabaki vyeusi, viungo vinafifia, na jicho linabaki na safu ya nguzo zisizo na kinachoziunganisha.

Karne ya 19 iliyapata madhara hayo kwa jumla. Kila mchapaji alitaka mwandiko wa kisasa kama wa Didot, lakini karatasi ilikuwa ya bei rahisi, mitambo ilikuwa ya mvuke, na risasi ilichakaa. Huko London baadhi ya wachongaji walikwenda upande mwingine, wakanenepesha vishina hadi herufi zikawa mapipa, kwa ajili ya matangazo ya ukutani. Hizo zilifaa, kwa sababu ziliundwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Vitabu ndivyo vilivyoumia. William Morris, mwishoni mwa karne, alizishambulia herufi za Bodoni kwa maneno makali kama adui binafsi. Nadhani alimwonea Bodoni mwenyewe kwa dhambi za wajukuu.

Kisha ile akili ya kuchonga kila ukubwa ikaanza kupotea. Mwaka 1885 Mmarekani Linn Boyd Benton alipata hataza ya mashine ya kuchonga herufi kutoka mchoro mmoja. Ukubwa wowote ulitoka kwenye kielelezo kilekile, ingawa mafundi waangalifu bado waliweza kufanya marekebisho. Mwanawe, Morris Fuller Benton, ndiye aliyeirudisha Bodoni sokoni karibu 1910, katika toleo zito na gumu ambalo magazeti ya Marekani yalilitumia mno kwa vichwa vya habari. Upigaji picha wa herufi ukaja, ambao filamu moja ilitoa saizi zote kwa lenzi. Kompyuta nayo ikarithi tabia hiyo. Ule uhuru wa kuburuta pembe ya boksi na kuikuza herufi utakavyo una gharama hii iliyofichika: unaburuta umbo lililochorwa kwa ukubwa mmoja tu.

Jarida la mitindo ndilo lililolazimisha marekebisho. Harper's Bazaar lilikuwa na historia na herufi hizi tangu enzi za Alexey Brodovitch, mkurugenzi wake wa sanaa kati ya 1934 na 1958, aliyejua kuweka neno moja jembamba katikati ya ukurasa mtupu na kuacha weupe ufanye kazi. Lilipoundwa upya mwaka 1992, mkurugenzi wake wa ubunifu, Fabien Baron, alitaka Didot yenye nyuzi kali kwa kila ukubwa wa kichwa. Mchora fonti Jonathan Hoefler akamchorea Didot katika matoleo saba, kuanzia la pointi 6 hadi la pointi 96. Weka neno kubwa kwa toleo la 96 na dogo kwa toleo la 11, na nyuzi za maneno yote mawili zitatoka na unene unaokaribiana kwenye karatasi. Miaka miwili baadaye kampuni ya fonti ya ITC ilitoa Bodoni yake katika matoleo matatu: Six, Twelve na Seventy-Two, baada ya wabunifu wake kwenda Parma kuzitazama kazi za Bodoni zenyewe. Mchongaji wa zamani amerudi, safari hii ndani ya faili.

Tangu 2016 kuna njia nyepesi zaidi. Fonti zenye mihimili ya kubadilika zinaweza kubeba ndani ya faili moja mhimili wa ukubwa, na kivinjari cha intaneti kikajichagulia unene wa nyuzi kulingana na saizi ya maandishi. Bodoni Moda, ambayo ni ya bure, ina mhimili huo. Ukikuta jina la fonti linaishia na neno Display, hilo ni onyo: umepewa ncha ya juu tu ya mhimili.

Hilo linatuleta kwenye fonti ambayo bila shaka umeiona mara nyingi kuliko Didot yenyewe. Playfair Display ilichorwa na Claus Eggers Sørensen wa Denmark, ikatolewa bure mwaka 2011, na imo kwenye Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni, kwa hiyo imo kwenye kadi za harusi, mabango ya semina na nembo za mikate kote tunakoishi. Msingi wake ni Baskerville na warithi wake, si Didot halisi. Nyuzi zake zina nyama kidogo na herufi zake ndogo ni ndefu kwa kimo, kwa hiyo inavumilia kushushwa. Inavumilia, haifurahii. Chini ya pointi 14 hivi kwenye karatasi ningeiacha.

Kiswahili kina mambo yake na herufi hizi, na sijaona yakizungumzwa. La kwanza ni nguzo. Andika "umuhimu" kwa Bodoni. Hesabu vishina vinene: ni 15, vyote wima, vyote unene mmoja, na kinachovitofautisha kuwa u, m, h au i ni zile nyuzi tu. Lugha yetu imejaa maneno hayo: mimi, ninyi, mnunuzi, nimnunulie. Kwenye kichwa kikubwa mdundo huo ni mzuri kweli. Kwenye mstari mdogo, nyuzi zikififia, unasoma uzio. Kwa hiyo ushauri wa ukubwa unaotolewa kwa Kiingereza nauongeza kidogo ninaposanifu kwa Kiswahili.

La pili ni WA kwa herufi kubwa, iliyomo katika BWANA, MWALIKO, KWA na karibu kila jina la kikundi. W inamaliza kwa mguu mwembamba unaopanda; A inaanza na mguu mwembamba unaopanda vilevile. Nyuzi mbili zinakwenda sambamba zikiwa na unene pande zote mbili, na zikififia katikati ya neno panafunguka pengo. Usiiachie programu. Sogeza herufi hizo mbili kwa mkono, kisha rudi nyuma hatua kadhaa na utazame neno zima. Nembo ya Zara ya mwaka 2019, kazi ya kampuni ya Fabien Baron huyohuyo, ilizibana herufi hadi zikapandana, na watu wa fani walizozana sana. Lakini ni herufi nne tu, kwenye kuta kubwa za maduka. Neno la herufi saba kwenye kadi halina ukuta huo.

La tatu ni hasara ndogo ya kuchekesha: Q yenye mkia, herufi ambayo wachongaji hujiachia kuliko zote, hatunayo, isipokuwa mtu aandike Qaswida. Inabaki R, J, na g ndogo yenye sikio. Zitumie vizuri. Na apostrofi ya ng'ombe na ng'ara iwe ile iliyopinda, yenye kichwa na mkia. Kijiti kilichosimama wima kati ya herufi hizi huonekana kama kosa la printa.

Kabla ya kupeleka kazi kiwandani, angalia rangi. Nyuzi zinachapika salama kwa wino mmoja uliokoza. Ukichagua dhahabu hafifu inayoundwa kwa mchanganyiko wa rangi nne, mtambo wa ofseti utaijenga kwa nukta ndogondogo, na uzi utakatwa na nukta hizo. Herufi nyeupe juu ya mandhari meusi nazo ni hatari, maana wino husambaa kidogo na kuumeza uzi kutoka pande zote mbili. Karatasi ya dhahabu inayobandikwa kwa joto inataka mistari minene kuliko unavyodhani, na stika ya kukatwa kwa mashine kwa ajili ya kioo cha duka itaanza kubanduka palepale penye uzi. Muulize fundi unene mdogo kabisa anaoukubali kabla hujachagua fonti. Wengi watakutajia robo ya pointi.

Mwenzi wa Didot kwenye kadi awe mtulivu: fonti isiyo na serifu, yenye unene wa kawaida, kwa kila kitu kilicho chini ya majina ya maharusi. Hati za mikunjomikunjo za kuiga mkono naziepuka kando yake. Zote mbili zinataka kutazamwa.

Na angalia tarakimu. Playfair Display huja na tarakimu za mtindo wa zamani: 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari, 6 na 8 zinapanda, na 0, 1 na 2 zinabaki fupi, sufuri ikikaribia kufanana na o ndogo. Kwa mwaka ndani ya sentensi zinapendeza. Kwa namba ya simu ya kupokea mchango, mtu anayenakili kutoka kwenye picha ya WhatsApp iliyobanwa, ni balaa. Fonti hiyo inazo pia tarakimu zilizosimama sawa, unaziwasha kwenye mipangilio ya OpenType kama programu yako inaruhusu. Kama hairuhusi, ule mstari wa namba mpe fonti nyingine.